Mulango ya Bleu

Mu nyumba ya Prof Sikuli, kule Katindo, kulikuwa sanduku moja ya chuma yenye bibi yake Olive alikuwa anaita "muke mwenzangu". Ilikuwa inalala mu chumba yao, chini ya dirisha, imefunikwa na kitenge yenye Olive mwenyewe hakuwa anapewa ruhusa ya kuvaa. Wakati volkano ilitapika mu 2021 na watu wakakimbilia Sake na magodoro ku kichwa, Sikuli alitosha sanduku kwanza, akaiweka ku barabara, kisha njo akarudi.

"Si nilirudi?" alikuwa anajitetea kila mara hiyo habari ikitoka mbele ya wageni.

"Ulirudi kutafuta miwani," Olive anajibu. "Mimi ulinikuta tu ku mulango."

Mu sanduku mulikuwa barua makumi ine na tatu. Ziliandikwa mu 2009 na vijana wenye walitoka mu pori, ku vikundi vya bunduki, wakaletwa mu kituo kimoja hapa Goma ili wazoee tena kulala bila kushituka. Walikuwa na miaka kumi na mbili mpaka kumi na saba. Sikuli, wakati ile, alikuwa asistanti mwembamba mwenye viatu viwili tu, cha kushoto na cha kuume, na alikuwa anatafuta kujua namna gani mutoto mwenye vita ilimunyanganya masomo anaweza kujifunza kusoma na kuandika.

Watafiti wengine walikuwa wanakuya na mitihani ya Kifaransa, watoto wanaangalia karatasi sawa vile mbuzi anaangalia gari, na mutafiti anaandika: hajui. Sikuli alifanya ingine namna. Alimupa kila mutoto biki na karatasi na kusema: "Andika kwa mutu yenye unataka akujibu." Mwishoni barua inaingia mu anvelopi, na juu ya anvelopi unaandika fasi inaenda. Njo ilikuwa siri ya kazi yake yote. Mutoto mwenye alikuwa anaandika musitari moja akilia, aliandika page mbili bila kuinua kichwa.

Jioni, ku nyumba, Sikuli alikuwa anafungua zile anvelopi. Anakamata makasi, anakata majina yote, ya mwenye kuandika na ya mwenye kuandikiwa, na vile vipande vinaingia mu moto ya babula, jiko ya makala. Ilikuwa sheria ya utafiti, tena sheria ya akili: mu siku zile, jina ya mutoto kama yule ikianguka mu mikono mibaya, watakuya kumurudisha mu pori. Basi barua zilibakia na madirisha-madirisha, ukiinua moja ku mwangaza unaona uso ya mwenzako ngambo ingine.

Alikuwa na programu ya kuwaeleza watoto, siku ya mwisho, kwamba barua zinabakia kwake kwa masomo. Siku ya mwisho ilikuwa vendredi, ijumaa. Lakini kituo kilifungwa mercredi, siku mbili mbele, bila kuambia mutu, camion zikakuya, watoto wakapakiwa. Sikuli akafika vendredi na maneno yake, akakuta mulinzi anafagia.

Akajiambia: nitawaeleza siku ingine.

Akaandika thèse yake ya udaktari. Akapanda ku kazi, chef de travaux, kisha profesa, tumbo ikapanda naye. Ndugu zake, Wanande ya Butembo wenye kuuza kila kitu kuanzia misumari mpaka magari, hawakuelewa. "Mukubwa," mudogo wake Kakule alikuwa anamuambia, yule mwenye camion, "sisi tunabeba magunia ya maragi, weye unabeba makaratasi. Maragi, kama haiuziki, unakula. Weye utakula nini?"

Lakini makaratasi yalimulisha. Zaidi moja, barua namba kumi na saba. Mwenye kuiandika, Sikuli alimupatia jina ya kubuni, Victoire, na ile barua alikuwa anaijua ku kichwa:

*Mama, niko muzima. Niko Goma. Usilie. Nitakuwa ninakungojea ku Birere, ku mulango ya bleu ya depo ya sabuni, kila samedi, tangu asubuyi mpaka wanafunga. Nitafunga kitambaa ya manjano usinipotee mu watu. Kama umechoka njiani, pumuzika kwanza. Mimi sitaenda fasi.*

Juu ya yale maneno ya mwisho Sikuli alikuwa ameandika page kumi na ine. Aliyasoma Kinshasa, akayasoma Bujumbura, akayasoma Bruxelles, na kule Bruxelles mama mumoja muzungu alilia mpaka akaomba maji. Sikuli naye alikuwa anafunga macho kidogo, kila mara, akifika ku *pumuzika kwanza*. Hakuwa anaigiza. Kila mara akimaliza kuisoma alikuwa anasikia sawa vile kuna mutu amesahau pahali, asijue ni nani.

Sasa alikuwa na miaka makumi sita na ine, na chuo kilikuwa kinamuandalia somo ya kumuaga. Samedi, jumamosi, saa ine. Prodige, asistanti yake, alishatengeneza mialiko. Sikuli atasoma Victoire mara ya mwisho. Wiki moja mbele ya hiyo siku, samedi vilevile, Olive akatosha koti, akaiinua.

"Vifungo mbili vimeenda. Unataka kuaga watu na tumbo inje?"

"Vitaonekana kweli?"

"Prof, hiyo tumbo inafika mu salle mbele yako. Nenda Birere."

Akaenda. Birere siku ya samedi, unajua vile iko: chukudu, zile baiskeli za mbao, zinashuka na mizigo, wenye pikipiki wanapiga honi mu masikio yako, mutu anakuuzia soksi bila kukuuliza kama uko na miguu. Akauliza vifungo ku mama mumoja mwenye kuuza sahani.

"Vifungo? Papa, endelea tu mpaka ku depo ya sabuni. Pale ku mulango ya bleu."

Sikuli akaendelea. Alikuwa anawaza vifungo. Alifikisha hatua kumi hivi, miguu ikasimama mbele ya akili.

Ilikuwa mulango ya kweli, ya bleu sawa mbingu. Rangi ilishaanza kubanduka chini, pale maji ya mvua inapiga. Ilikuwa na bawaba, na kufuli, na ku mbao kulikuwa alama ya mugongo ya mutu mwenye kuegemeaka pale. Kutoka Katindo kwa miguu, dakika makumi mbili. Alikuwa ameitaja mu miji tatu ya dunia, na hakuna siku moja alikuwa amewaza kwamba ile mulango inafunguka.

Mbele yake, nyuma ya meza ndogo ya uzi, sindano na vifungo, alikaa mwanamuke ya miaka kama makumi tatu, na kitambaa ya manjano ku kichwa.

"Papa, unatafuta nini? Ao umekuya kuangalia tu, kuangalia ni bure."

"Vifungo," Sikuli akasema. "Mbili. Vya koti."

"Rangi?"

Akasahau rangi. Mwanamuke akacheka, akamutandikia vyote ku kiganja, kahawia, nyeusi, kijivu. Pembeni, ku lundo ya sabuni, mama mumoja munene akapaza sauti:

"Faida, usimuuzie bei ya samedi! Papa, uko na bahati, umemukuta na kitambaa yake ya sherehe!"

"Mama Cibalonza, acha muteja."

"Anaacha nini? Papa, huyu mutoto, siku zingine anavaa sawa vile watu. Samedi, manjano! Miaka na miaka! Mabwana wanakuya, wanasema Faida twende Bukavu, Faida twende Kampala. Anasema hapana, mama yangu atanikosa. Ata wakati volkano iliwaka, Goma yote ikakimbia, huyu alibakia hapa yeye na mulango!"

Faida hakukasirika. Alikuwa anachagua vifungo. "Nilimuandikia," akaambia Sikuli, sawa vile mutu anaeleza muda ya basi. "Nilikuwa mutoto. Mwalimu mumoja alipeleka barua. Mwembamba, viatu vyake vilikuwa vinacheka mbele. Mutu muzuri. Donc mama anajua niko hapa. Ni njia tu inakuwa mubaya, papa, unaona vile inchi iko."

"Ndiyo," Sikuli akasema.

"Unachukua kahawia?"

Sikuli akalipa, akasema aksanti, akaenda bila vifungo.

Ku nyumba akakaa ku kitanda, mbele ya sanduku. Olive akaingia na koti mu mukono.

"Viko wapi?"

"Nimemuona Victoire."

Olive akaweka koti polepole. Alikuwa amekaa na zile barua miaka kumi na sita, anazijua sawa vile mutu anajua watoto wa jirani. "Anaishi?"

"Anangojea. Anawaza nilipeleka."

"Na ilikuwa inaenda wapi, hiyo barua?"

Anvelopi ilikuwa bado iko. Hakuhitaji kuiangalia. "Kasindi, ku mupaka ya Uganda. Ku soko. Mama alikuwa anauza mafuta ya mawese."

Olive akakaa ku kitanda pembeni yake. Inje mutu alikuwa anapigia mutoto kelele atoke mu maji.

"Kasindi," Olive akasema. "Kule Kakule anapitaka."

"Kila wiki," Sikuli akajibu. "Mu 2009 vilevile. Kila wiki."

Lundi, jumatatu asubuyi, akarudi Birere na barua mu mufuko ya shati. Faida alikuwa na kitambaa ya majani-majani, ya siku za kazi. Akamuona, akainua vifungo viwili juu.

"Papa wa koti! Ulikimbia mali yako!"

Sikuli akaomba kiti. Akajaribu kuanza kama vile anaanzaka, akasikia anatengeneza utangulizi, akauacha. Akatosha barua, akaiweka juu ya uzi.

"Ile mwalimu wa viatu vya kucheka ni mimi. Sikuipeleka. Nilibakia nayo."

Faida akaangalia karatasi. Akaangalia Sikuli, tumbo, miwani, tena karatasi. Akaikamata na mikono mbili na kusoma, midomo inatembea kidogo. Akafika juu, pale kwenye shimo. Akapitisha kidole mu shimo, kidole kikatokea ngambo ingine.

"Nani amekata mama yangu?"

"Mimi. Ilikuwa kwa kukulinda. Mu utafiti, majina..."

"Na hapa chini ni mimi?"

"Ni weye."

Muteja akakuya, akauliza sindano ya mashini. Faida akamupa, akamurudishia feza, akamuambia na siku njema. Kisha akakaa.

"Unajua hii barua ku kichwa?"

"Ndiyo."

"Sema."

Akasema. Pale, kati ya honi na chukudu, bila mikrofoni. Akifika ku *kama umechoka njiani*, hakufunga macho, sababu Faida alikuwa anamuangalia ndani yao. Akamaliza na sauti ndogo.

"Wangapi walisikia?"

"Mingi. Ata Bulaya."

"Bulaya walisikia," Faida akasema. "Kasindi hapana."

Mama Cibalonza akaacha kupanga sabuni.

"Sikiliza, papa. Watu wa bunduki walinishusha ku gari njia ya Kanyabayonga, mama akabakia ndani, gari ikaondoka. Mu kituo, mutu akaniambia: Ramla wa mafuta, ule wa Maniema, eko Kasindi. Nikaandika. Camion zikatupeleka, nikarudi, nikakaa hapa. Madereva walinipa habari. Mumoja: eko bado Kasindi. Mwingine: ameenda Butembo. Mimi nilikuwa na miguu, na nguvu, na ata feza ya basi nilikuwa nayo. Unajua sababu gani sikuenda?"

Sikuli alijua. Alisubiri aseme.

"Niliogopa tupishane. Nilisema: yeye eko na barua, eko njiani. Mimi nikiondoka, atafika, atakuta mulango bila mutu, atawaza nilimudanganya. Kila mwaka nasema, huu. Kama ungeniambia haikuenda, ningeenda miye mwenyewe, papa. Na miguu. Nilikuwa na miaka kumi na ine."

"Samahani," Sikuli akasema. Mu lugha tano zenye alikuwa anajua, hakupata ingine.

Faida hakusema nimesamehe. Akakamata karatasi ngumu yenye vifungo vilikuwa vimeshonwa juu yake, akakata kipande kidogo, akakiweka nyuma ya shimo ya juu. Akaingiza uzi nyeusi mu sindano na kukishonea ku barua, mishono midogo, sawa vile mutu anashona kola. Akafanya vilevile chini. Akaomba biki. Sikuli akamupa. Akaandika juu *Ramla*, chini *Faida*, na akapuliza wino.

"Naenda nayo," akasema. "Barua iko ya Kasindi."

Njia ya kawaida imefungwa na vita, kila mutu anajua. Wenye kwenda kule wanazungukia Bunagana, wanapita Uganda, wanatokea Kasindi na mugongo yenye haiko yao tena. Sikuli akapiga simu pale pale. Kakule akasikiliza yote, kitu yenye hakukuwa kawaida yake.

"Mukubwa," akasema mwishoni, "ungenipa hiyo anvelopi, ingelikuwa ku madirisha ya gari yangu pamoja na karatasi za kodi. Ningeiangusha ku soko nikiomba maji ya kunywa."

"Najua."

"Basi akuye. Nitamungoja ku mupaka. Wamama wa mafuta wa zamani, najua fasi wanakaaka."

Faida atatoka vendredi. Akaanza kukunja vitu vyake, kisha mukono ikasimama juu ya meza.

"Samedi," akasema.

Mama Cibalonza akasema: "Mutoto wangu, si umesikia? Barua haikufika. Hakuna mutu anakuya samedi."

"Kichwa inajua, mama. Lakini madereva wote niliwaambia hii mulango. Miaka yote. Kama mumoja alimuambia? Kama ni hii samedi?" Akageukia Sikuli. "Watu wote hapa, hakuna mwenye anajua ile niliandika. Weye njo unajua. Ukikaa hapa, akikuya, utamuambia vile iliandikwa."

"Samedi hii..." Sikuli akaanza.

"Samedi iko nini?"

Koti, mu akili yake, ilikuwa imetundikwa ku mulango ya chumba. Viti mia mbili. Mialiko ya Prodige, na herufi za dhahabu.

"Hakuna kitu," akasema. "Wanafungua saa ngapi?"

Samedi, saa moja asubuyi, Prof Sikuli alikuwa amekaa ku kiti kidogo yenye ilikuwa inaomba huruma chini yake. Kitambaa ya manjano ilikataa kichwa chake. Akaifunga ku shingo. Mama Cibalonza alimuangalia, akazunguka, akamuangalia upande ingine.

"Papa Prof, unafanana na mutu mwenye meno inamuuma."

"Inauma kweli, mama."

"Na usiuze kwa Kifaransa. Wateja watakimbia."

Saa ine kamili simu ikalia.

"Prof!" Ilikuwa Prodige, anasema chini-chini sawa mutu mwenye amejificha mu choo. "Salle imejaa. Wakubwa wote wamekaa. Uko wapi?"

"Niko ku terrain, mu kazi."

"Terrain gani? Prof, ni sherehe yako!"

"Mwanangu, kuna enquête moja ya utafiti sikuimaliza. Uwape watu sambusa."

"Na barua ya Victoire? Niisome miye?"

"Hapana." Akaangalia njia. "Hiyo barua imeshaenda."

Akazima simu, akauza uzi ya bleu, akakosea kurudisha feza, muteja akamusahihisha.

Alikuwa amewaza itakuwa siku ndefu, na akili yake itatembea ku mambo ya maana. Haikutembea. Kila mama muzee mwenye alitokea ku kona, alikuwa anainua shingo: huyu. Anakaribia, anatafuta kitu na macho: huyu. Anapita. Kisha mwingine. Saa nane mama mumoja akasimama kabisa mbele yake, mwembamba, bidon ya mafuta mu mukono, akaweka bidon chini na kuangalia ile manjano ku shingo. Sikuli akasimama. Kiti ikaanguka.

"Mama," akasema, "unatoka wapi?"

"Murara, hapa Goma," mama akasema. "Uko na sindano ya kushona magunia?"

Akamupa sindano. Mama akaenda. Sikuli akainua kiti, akakaa tena. Moja tu. Samedi moja, na ilikuwa bado saa nane. Akajaribu kuhesabu zile za Faida, akafika mia tatu, akaacha, si kwa sababu hesabu ilimushinda.

Saa tisa Olive akatokea mu watu, sahani ya sambaza, samaki ndogo za ziwa, imefunikwa ku mukono moja, koti ku mukono ingine. Vifungo vilikuwa mahali yao, vile kahawia vya Faida, vyenye Sikuli alileta lundi.

"Prodige amelia ku simu yangu," akasema. Akamuvalisha koti juu ya kitambaa, akarudi nyuma kumuangalia. "Sasa uko muzuri. Umevaa vifungo kwa kuuza vifungo."

Akaomba Mama Cibalonza katoni ya sabuni, akakaa pembeni ya bwana yake. Wakakula. Mbele ya kumaliza, simu ikalia tena: Kakule. Walikuwa mu soko ya Kasindi. Mama mumoja wa mafuta amemukumbuka Ramla: aliishi pale miaka mbili, alikuwa anauliza kila dereva wa Goma habari ya mutoto. Kisha akaenda Butembo kwa ndugu. Mama yule eko na jina ya avenue. Kesho asubuyi wanaenda.

"Na Faida?" Sikuli akauliza.

"Amekaa ku fasi Ramla alikuwa anauzia. Amekataa kuondoka mpaka soko ifunge. Mukubwa, naye anauliza: kuna mutu alikuya?"

Sikuli akaangalia njia, chini mpaka ku kona, juu mpaka ku kona.

"Umuambie bado," akasema. "Umuambie niko hapa."

Saa kumi na moja mwenye depo akakuya na kufuli, akamusalimia, akafunga mulango ya bleu nyuma ya mugongo yao. Mama Cibalonza akafunika sabuni. Olive akasimama, akapangusa kikwembe, akamunyooshea mukono.

"Prof, wamefunga."

"Nimeona," Sikuli akasema. "Tungoje kidogo. Pengine amepumuzika njiani."

Olive akamuangalia. Kisha akageuza katoni upande wenye ulikuwa bado muzima, akakaa tena.